Kadi mbili za bima, bili moja: nani hulipa nini?

Kijana mwenzangu, hebu fungua pochi yako kidogo. Kama umeajiriwa hapa Kenya hivi karibuni, huenda una bima mbili za afya na hujui vizuri zinavyofanya kazi. Ya kwanza ni ile ya serikali, SHA, ambayo unakatwa kwenye mshahara kila mwezi, upende usipende. Ya pili ni ile kadi uliyopewa na mwajiri, yenye jina la kampuni ya bima. Wengine wamepata ya pili kwa njia nyingine: wameoa au kuolewa na mtu mwenye bima ya kazini, au bado wako katika bima ya mzazi.

Tunapotembelea vikundi vya vijana kuzungumza juu ya afya, swali hili halikosi: "Mimi nina kadi mbili. Nikilazwa, zote zitanilipia? Na kama ya kazini inatosha, kwa nini nihangaike na hii ya serikali?" Kuna na wale wanaouliza kwa sauti ya chini: "Eti mtu anaweza kulipwa mara mbili akabaki na chenji?"

Haya ni maswali ya kujibiwa ukiwa mzima. Ukiwa mgonjwa kichwa kinauma, ndugu wamejaa wasiwasi, na karani wa hospitali anataka kujua pesa zitatoka wapi. Wakati huo hakuna mtu anayesoma mkataba. Basi tusome sasa.

Jibu kwa ufupi ni hili: kadi mbili hazilipi bili mara mbili. Kadi ya pili huanza pale ambapo ya kwanza imeishia. Na kama ya kwanza imelala, ya pili haitajaza pengo hilo kila mara. Pengo hilo ni lako.

KADI YA KWANZA: SHA

Wazazi wetu walizoea NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966. Tarehe 1 Oktoba 2024 nafasi yake ilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo wote tunaiita SHA, chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023.

Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine. Ukilipwa shilingi 30,000, unakatwa shilingi 825. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Mwajiri anatakiwa kupeleka pesa hizo kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Je, kijana anayeuza mitumba, wa bodaboda au fundi? Yeye huulizwa maswali kuhusu hali ya maisha ya nyumba yake, kisha hupangiwa kiasi cha kulipa. Utaratibu uliowekwa ni kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Kwa mtu wa kiwango cha chini, hiyo ni 300 mara 12, yaani shilingi 3,600.

SHA hulipa kwa viwango vilivyopangwa. Hailipi bili yote kama ilivyoandikwa. Kwa viwango vilivyotolewa ilipoanza, kitanda cha mgonjwa aliyelazwa hulipiwa shilingi 3,360 kwa siku katika hospitali ya ngazi ya 4, shilingi 3,920 katika ngazi ya 5, na shilingi 4,480 katika ngazi ya 6. Kujifungua kwa kawaida ni shilingi 10,000. Kujifungua kwa upasuaji ni shilingi 30,000.

Katika hospitali ya umma viwango hivi vinaweza kufunika sehemu kubwa ya gharama. Katika hospitali ya kibinafsi ni sehemu tu. Hapo ndipo kadi ya pili inapoingia.

KADI YA PILI: YA KAZINI

Bima ya kazini ni mkataba kati ya mwajiri wako na kampuni ya bima. Wewe umeandikwa ndani yake kama mwanachama. Mkataba huo una mambo manne ambayo ni lazima uyajue:

1. Kikomo. Hiki ni kiasi cha juu ambacho kampuni italipa kwa mwaka. Kulazwa kuna kikomo chake, kutibiwa na kurudi nyumbani kuna chake. Uzazi, meno na macho mara nyingi vina vikomo vidogo zaidi.

2. Orodha ya hospitali. Kampuni hulipa moja kwa moja kwenye hospitali ilizokubaliana nazo tu. Ukienda kwingine, huenda ukalipa mwenyewe kwanza, kisha ukaomba kurudishiwa.

3. Visivyolipiwa. Kuna magonjwa au huduma ambazo mkataba umeziacha nje, na nyingine zina kipindi cha kungoja kabla ya kuanza kulipiwa. Uzazi mara nyingi huwa na kipindi hicho.

4. Neno kuhusu SHA. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema kwamba kampuni itatoa kwanza kile ambacho SHA inapaswa kulipa, kisha itashughulikia salio. Tafuta kifungu hicho. Ndicho kiini cha makala haya.

KWA NINI HULIPWI MARA MBILI?

Bima ya matibabu ni ya kukufidia. Maana yake ni kukurudisha pale ulipokuwa kabla ya gharama kukupata. Haikusudiwi kukuachia faida. Kama bili ni shilingi 50,000, basi malipo yote kutoka kila upande yakijumlishwa hayapaswi kupita 50,000.

Kupeleka risiti ileile kwa kampuni mbili ili kila moja ilipe yote ni udanganyifu. Mtu anaweza kupoteza bima, akapoteza kazi, na akafikishwa mahakamani. Usikubali mtu akudanganye kwamba "kila mtu anafanya hivyo".

Lakini tuelewane vizuri: kutumia bima mbili kwa bili moja si kosa. Ni haki yako, mradi kila upande ujue mwenzake amelipa kiasi gani.

TUFANYE HESABU

Tuchukue mfano. Bili zilizomo humu ni za kutungwa, lakini viwango vya SHA ni vile tulivyotaja hapo juu.

Mfano wa kwanza: nimonia. Kijana amelazwa siku 5 katika hospitali ya kibinafsi ya ngazi ya 4. Bili ni shilingi 95,000.

SHA: 3,360 mara 5 = 16,800.
Salio: 95,000 toa 16,800 = 78,200.
Bima ya kazini ina kikomo cha 300,000 kwa kulazwa, kwa hiyo inalipa 78,200 zote.
Kijana analipa: 0.

Hapa mambo yamekwenda sawa. Tena angalia faida nyingine: katika kikomo chake cha 300,000 zimetumika 78,200 tu badala ya 95,000. SHA imemhifadhia 16,800 za kutumia mwaka huohuo akiugua tena.

Mfano wa pili: uzazi. Dada amejifungua kwa upasuaji. Bili ni shilingi 180,000. Kikomo cha uzazi katika bima ya kazini ni 100,000.

SHA: 30,000.
Salio: 150,000.
Bima ya kazini: 100,000, basi imefika mwisho.
Dada analipa: 50,000.

Mfano wa tatu: dada huyohuyo, bili ileile, lakini mchango wake wa SHA haujalipwa.

SHA: 0.
Bima ya kazini: 100,000.
Dada analipa: 80,000.

Umeona? Pengo limepanda kutoka 50,000 hadi 80,000 kwa sababu ya mchango ambao pengine ulikuwa mamia machache ya shilingi kwa mwezi.

Sasa rudi kwenye mfano wa nimonia. Kama SHA ya yule kijana imelala, na mkataba wake unasema kampuni hutoa kwanza sehemu ya SHA, kampuni italipa 78,200 zilezile. Zile 16,800 atatafuta mwenyewe, ingawa kikomo chake bado kina nafasi kubwa. Hapo ndipo vijana wengi hushtuka: "Nina bima ya laki tatu, nadaiwaje elfu kumi na sita?" Jibu limo katika kile kifungu.

KADI YA KWANZA HULALAJE?

Kwa mwenye mshahara, kuna njia nne hivi.

Moja, hukujisajili. Kukatwa pesa peke yake hakutoshi. Ni lazima jina lako na namba ya kitambulisho viwe katika mfumo. Unaweza kujisajili kwa simu yoyote, hata kabambe, kwa kubonyeza *147#.

Mbili, mwajiri amekukata lakini hajapeleka. Hati ya mshahara inaonyesha makato, mfumo wa SHA hauonyeshi kitu. Ukigundua hivyo, nenda ofisi ya mhasibu au ya wafanyakazi ukiwa na hati zako, uulize kwa upole lakini uulize.

Tatu, umeacha kazi au mkataba umeisha. Kadi ya kampuni mara nyingi hufa pamoja na kazi. Mchango wa SHA nao hautaendelea kujilipa. Unatakiwa kubadilisha hali yako iwe ya mtu anayejilipia, kisha ulipe. Katika miezi hiyo ya katikati kijana anaweza kujikuta hana hata kadi moja, wakati juzi tu alikuwa na mbili.

Nne, hukuwaandika wategemezi. Mke, mume au mtoto ambaye hayumo katika mfumo hatalipiwa kwa jina lako, hata kama mchango wako uko sawa.

Kuna jambo lingine la nje ya uwezo wako. Hospitali ni lazima iwe na mkataba na SHA. Mwaka 2025 kulikuwa na vipindi ambapo hospitali za kibinafsi zilisitisha huduma za SHA zikidai malipo yao yamecheleweshwa. Kwa hiyo kabla ya kulazwa uliza: "Leo mnapokea SHA?" Kama hawapokei, piga simu kwa kampuni yako ya bima uulize sehemu ya SHA itashughulikiwa vipi. Jibu likija kwa maandishi, hata ujumbe wa simu, lihifadhi.

MUME NA MKE, KILA MMOJA NA BIMA YAKE

Siku hizi nyumba nyingi za vijana zina watu wawili wanaofanya kazi. Kila mmoja anakatwa SHA. Je, viwango vya SHA navyo huwa mara mbili? Hapana. SHA hulipia nyumba. Upasuaji wa uzazi ni 30,000 hata kama wote wawili mnachangia.

Lakini bima zenu za kazini ni mikataba miwili tofauti. Kama mke ameandikwa pia katika bima ya mume, ana mahali pawili pa kugonga. Turudi kwa dada yetu wa mfano wa pili aliyebaki na deni la 50,000. Kama bima ya mumewe inamfunika kwa uzazi, salio hilo linaweza kupelekwa huko. Utaratibu wa kawaida huwa hivi:

Kwanza SHA. Pili, bima ambayo mgonjwa mwenyewe ni mwanachama mkuu, yaani ya kazi yake. Tatu, bima ambayo ameandikwa kama mtegemezi. Hakikisha na kampuni zote mbili, kwa sababu neno la mwisho liko katika mikataba. Tafuta kifungu kinachozungumzia bima nyingine.

Kwa mtoto aliyeandikwa kwa baba na kwa mama, ulizeni mapema bima ipi itatangulia. Ukisoma mambo ya Marekani utakutana na kanuni ya siku ya kuzaliwa: mzazi ambaye siku yake ya kuzaliwa hutangulia katika mwaka, bima yake ndiyo hulipa kwanza. Hiyo ni ya kwao. Usiende nayo kwenye dirisha la malipo Nakuru ukitegemea ikusaidie.

Tena jambo moja kuhusu mtoto mchanga: muandikeni haraka, SHA na kazini. Mikataba mingi hutoa muda mfupi tu wa kumuongeza mtoto. Msingoje jina la ukoo likubaliwe na wazee wote.

BIMA AMBAZO HESABU YAKE NI TOFAUTI

Si kila bima hufuata mpango huu wa salio. Kuna bima inayokupa kiasi maalumu cha pesa kwa kila usiku uliolala hospitali, bili iwe kubwa au ndogo. Vijana wengi wanaichukua kupitia simu au chama cha akiba. Hiyo hulipa kile ilichoahidi hata kama SHA na kampuni zimeshamaliza bili. Pesa hizo ni zako: nauli ya anayekuletea uji, kodi ya nyumba, siku ambazo hukufanya kazi. Lakini usiitegemee kama bima ya matibabu, maana kiasi chake huwa kidogo.

Na ukiumia kazini, simama kwanza. Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri agharimie matibabu ya mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini, na awe na bima kwa ajili hiyo. Kwa hiyo ripoti ajali mara moja kwa msimamizi wako. Ukinyamaza ukatumia kadi yako ya kawaida, unaweza kumaliza kikomo chako kwa jambo ambalo lilikuwa mzigo wa mwajiri.

HATUA KWA HATUA

Ukiwa mzima:
- Bonyeza *147# uangalie kama umesajiliwa, kama mchango umelipwa, na wategemezi wako ni akina nani.
- Omba nakala ya masharti ya bima ya kazini. Andika kwenye karatasi moja: kikomo cha kulazwa, kikomo cha uzazi, hospitali zilizo karibu nawe, na simu ya dharura ya kampuni.
- Mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini mahali karatasi hiyo ilipo.

Unapoingia hospitali:
- Taja bima zote mbili pale pale mapokezi. Usitoe moja ukaficha nyingine. SHA ikisahauliwa siku ya kuingia, inakuwa vigumu kuiomba siku ya kutoka.
- Hospitali itakuthibitisha kwa SHA, mara nyingi kwa alama ya kidole, na itaomba idhini kwa kampuni ya bima. Uliza: "Idhini imekuja? Ni ya kiasi gani?"
- Kama ni upasuaji uliopangwa, idhini zote zitafutwe kabla ya siku yenyewe.

Ukiwa wodini:
- Kila siku mbili tatu, wewe au ndugu yako mwombe mhasibu makadirio ya bili. Bili inapokaribia kikomo, ongea na daktari. Inawezekana kuhamia wodi ya bei nafuu au hospitali ya umma, ukiwa na nafuu ya kusafiri.

Unapotoka:
- Omba bili yenye maelezo ya kila kitu. Isome. Tafuta mstari unaoonyesha SHA imelipa ngapi. Kama haupo, uliza kabla ya kutia sahihi.
- Usitie sahihi fomu ya madai iliyo tupu.
- Kama umelipa pesa yoyote, chukua risiti halisi.

Ukiwa nyumbani:
- Ikiwa kuna bima ya tatu ya kudai salio, utahitaji bili yenye maelezo, taarifa ya bima ya kwanza inayoonyesha imelipa kiasi gani, ripoti ya daktari, na fomu ya madai.
- Angalia muda wa mwisho wa kudai uliotajwa katika mkataba. Ukipita, mlango unafungwa.
- Toa nakala za kila karatasi, au uzipige picha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI YENU

Swali: Nina miaka 22, niko chuo, natumia bima ya kazi ya mama. Je, ninahitaji SHA?
Jibu: Ndiyo, jisajili kwa kitambulisho chako. Chini ya SHA, kijana asiye na kipato chake na anayeishi na mchangiaji anaweza kubaki mtegemezi hadi afike miaka 25. Bima ya mama ina umri wake wa mwisho, na kampuni hazifanani. Mwombe mama aulize kazini kabla ya siku yako ya kuzaliwa ijayo.

Swali: Nikitumia bima ya mzazi, atajua nimetibiwa nini?
Jibu: Daktari hapaswi kumwambia mtu habari zako bila ruhusa yako ukiwa mtu mzima, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Lakini kampuni huweza kumtumia mwanachama mkuu ujumbe au taarifa ya matumizi inayoonyesha hospitali, tarehe na kiasi. Kama jambo lako ni kupima virusi vya ukimwi au kupata njia ya kupanga uzazi, vituo vya afya vya serikali hutoa huduma hizo na huhitaji kadi ya mzazi. Usiache kupima kwa kuogopa karatasi.

Swali: Bima yangu ya kazini ni kubwa. Si afadhali niachane na SHA?
Jibu: Kwa mwenye mshahara, kukatwa ni sheria. Kwa hiyo pesa yako imeshakwenda. Kuacha kuitumia ni kuwaachia wengine sahani yako.

Swali: Kampuni imekataa kulipa. Nifanyeje?
Jibu: Omba sababu kwa maandishi, na wakutajie kifungu. Wakati mwingine ni karatasi moja tu imekosekana. Ukiona umeonewa, lalamika kwanza kwa kampuni yenyewe, kisha kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Malalamiko juu ya SHA peleka ofisi ya SHA. Sheria imeweka pia baraza la kutatua migogoro hiyo.

Swali: Hospitali inaweza kukataa kunipokea kwa dharura mpaka bima zijibu?
Jibu: Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Mambo ya kadi yafuate baadaye.

Swali: Je, wanaweza kunizuia nisitoke kwa sababu ya salio?
Jibu: Mwezi Septemba 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kuwazuilia kina mama hospitalini kwa sababu ya bili kulivunja haki zao. Deni linabaki kuwa deni, na unaweza kukubaliana namna ya kulilipa kidogo kidogo. Lakini deni halikufanyi kuwa mfungwa. Omba kuonana na afisa wa huduma za jamii wa hospitali. Hospitali nyingi kubwa wanaye, na kazi yake ni hiyo.

KABLA HUJAFUNGUA UKURASA UNAOFUATA

Tunajua mambo ya bima hayana utamu. Mkataba una maandishi madogo, na ukiwa na miaka 24 unajiona utaishi bila kuugua. Lakini ajali haina kinga, na mimba haisubiri mkataba mpya. Mara nyingi pengo katika bili humwangukia mzazi kijijini anayeuza mbuzi, au marafiki wanaoanza kuchanga kwenye simu. Pesa hizo wakati mwingine zilikuwa zimeshalipiwa na bima ambayo hakuna aliyeitaja mapokezi.

Basi leo jioni fanya mambo matatu. Bonyeza *147# uangalie jina lako. Kesho ukifika kazini, uliza kifungu cha SHA katika bima yenu kinasemaje. Kisha mweleze mwenzako mmoja ulichojifunza. Kuuliza si ujinga, na kikundi chenu kikiwa na swali jingine, tuandikieni. Tutalijibu katika toleo lijalo.

Linda afya yako, linda na mfuko wako!